Kuchunguza Lawama Zako Baada ya Ugomvi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanaoanza kujichunguza baada ya kugombana na watu huuliza maswali yaleyale. Nitajuaje kwamba kosa ninaloliona kwa mwenzangu si langu mwenyewe nililomtwika? Je, kila ninachokichukia kwa mtu kimo ndani yangu? Nikigundua kwamba nilimwonea, nimwombe radhi kwa yote, hata kwa yale aliyoyakosea kweli? Na lile linaloulizwa kuliko yote: nimwambieje mwenzangu kwamba yeye ndiye anayenitwika mimi yaliyo yake? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa njia ya kazi ya kufanya, kalamu mkononi. Jibu la swali la mwisho linaweza kutolewa sasa hivi, nalo ni kwamba usimwambie. Sababu zake utazikuta mbele.

Jambo lenyewe kwa ufupi

Wanasaikolojia huita projeksheni hali ya mtu kuona kwa mwingine hisia, tamaa au kasoro iliyo yake mwenyewe lakini ambayo hataki kuikiri. Sigmund Freud alianza kuieleza katika miaka ya 1890, na binti yake, Anna Freud, akaitaja mwaka 1936 miongoni mwa njia ambazo nafsi huzitumia kujikinga. Wahenga walikwisha kulisema kwa maneno machache: nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Zingatia kwamba katika methali hiyo mwenziwe naye analo. Watu wengi hulisahau hilo, wakadhani kwamba lawama ikishaonekana kuwa yao, basi mwenzao amekwisha kutakasika. Lawama moja inaweza kuwa ya kweli juu yake na ya kweli juu yako kwa wakati uleule, na sehemu kubwa ya kazi iliyo mbele yako ni kutenganisha hayo mawili.

Nadharia nyingine moja tu itakufaa. Mwaka 1997 Leonard Newman, Kimberley Duff na Roy Baumeister walichapisha majaribio ambamo watu walioombwa kutoifikiria kabisa sifa mbaya waliyoambiwa kuwa wanayo walikuwa wepesi zaidi kuiona sifa hiyohiyo kwa mtu mwingine waliyekuwa wakimtazama. Jitihada ya kulifukuza wazo ndiyo inayoliweka wazo hilo karibu, likiwa tayari kumvaa yeyote anayepita. Kwa hiyo hatua zifuatazo hazikutaki ujitakase wala ujihukumu. Zinakutaka uache kulifukuza jambo kwa muda wa kutosha kuliandika.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, ugomvi mmoja uliokwisha. Uwe mdogo au wa kadiri, na uwe umetokea siku chache zilizopita, ili maneno yake uyakumbuke. Usianze na ule mkubwa kuliko yote maishani mwako, wala usianze na uhusiano uliokwisha kuvunjika, kwa kuwa huko hutakuwa na nafasi ya kurudi kuzungumza.

Pili, daftari na kalamu. Simu haifai kwa kazi hii, kwani mazungumzo yenyewe mara nyingi yamo humohumo, na mtu aliyekwisha kuandika ukurasa mzima wa mambo yanayomchoma huwa umbali wa kidole kimoja tu kutoka kuutuma.

Tatu, muda wa faragha usiopungua dakika 40, mahali ambapo hakuna atakayesoma unachoandika. Ukijua kwamba kuna macho nyuma ya bega lako utaandika utetezi, na utetezi hauna kazi hapa.

Nne, mwili uliotulia. Hili limeelezwa katika hatua ya 2.

Onyo moja litangulie yote. Kama mtu unayegombana naye anakupiga, anakutishia, anakuzuia kutoka, anadhibiti fedha zako ili usiweze kuondoka, au unamwogopa, usiutumie mwongozo huu juu yake. Watu wanaonyanyaswa mara nyingi huwa wamekwisha kuambiwa kwamba kila kosa ni lao, na zoezi la kugeuza lawama linaweza kumpa mnyanyasaji silaha nyingine. Hapo kinachohitajika ni usalama na msaada wa watu wa nje.

Hatua zenyewe

Ili hatua zisibaki hewani, tutatumia mfano mmoja wa kubuni. Dada na mdogo wake wa kiume wanamuuguza mama yao kwa zamu. Jioni moja mdogo mtu anachelewa, na dada anamwambia: "Wewe hujali kabisa. Unachotaka ni kuukimbia mzigo huu uniachie peke yangu." Mdogo mtu anajibu kwa ukali, wanarushiana maneno, na tangu hapo wanazungumza kuhusu dawa na chakula cha mgonjwa tu. Sisi tuko upande wa dada, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika daftari.

1. Andika jina la ugomvi kwa sentensi moja isiyo na lawama.

"Ugomvi wa Jumanne kuhusu kuchelewa kwa zamu." Basi. Ukiona sentensi yako inasema "Siku aliponidharau", umekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Ifute uanze tena.

2. Subiri mwili upoe.

Mtafiti John Gottman, aliyechunguza ugomvi wa wanandoa kwa miongo kadhaa, ameeleza kwamba mapigo ya moyo yanapopita takriban 100 kwa dakika wakati wa mabishano, uwezo wa mtu kusikiliza na kufikiri sawasawa hushuka sana, na kwamba mwili huhitaji angalau dakika 20 za mapumziko ili urudi katika hali yake. Jipime: weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, hesabu mapigo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Kama bado yako juu, tembea, oga, fanya kazi ya mikono.

Kosa la kawaida hapa ni kutumia mapumziko kuandaa hoja. Mtu anayetembea huku akiirudia kichwani sentensi aliyotakiwa kuisema hajapumzika, hata akitembea saa nzima. Ukijikuta unafanya hivyo, tafuta shughuli inayoshika akili kweli, kama vile kusoma kwa sauti au kuhesabu kurudi nyuma kutoka 200 kwa kuruka saba saba.

3. Andika kilichotokea kama ambavyo kamera ingekiona.

Kamera haioni dharau, haioni ubinafsi, haioni nia. Inaona mtu akiingia saa tatu usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Andika nani alisema nini, kwa mfuatano, pamoja na maneno yako mwenyewe, hasa yale usiyopenda kuyakumbuka. Dada wa mfano wetu angeandika: "Alichelewa siku mbili katika wiki moja. Siku ya kwanza alipiga simu. Siku ya pili hakupiga. Nilimwambia hajali. Alisema, dada, nilikueleza mapema kwamba kazini kuna shughuli nyingi mwisho wa mwezi. Nilisema anatafuta visingizio."

Ukurasa huu utakuwa mfupi kuliko ulivyotarajia. Hasira huongeza maneno. Vitendo vyenyewe huwa vichache.

4. Toa lawama kuu na uiandike peke yake.

Katika ugomvi wowote wenye lawama kumi, moja ndiyo mama wa nyingine. Itafute kwa kujiuliza ni sentensi gani uliyoisema kwa sauti ya juu kuliko zote, au ni ipi uliyoimeza ambayo ungependa kuisema hata leo. Iandike katika muundo huu: "Yeye ni mtu ambaye..." Kwa dada: "Yeye ni mtu anayetaka kuukimbia mzigo wa mama."

Ilinganishe sasa na ukurasa wa kamera. Kuchelewa kwa zamu siku mbili ni jambo lililotokea. Kutaka kukimbia ni jambo lililo moyoni mwa mtu mwingine, ambalo dada hakuliona wala hakuambiwa. Pengo lililopo kati ya kitendo kilichoonekana na nia iliyotajwa ndilo tunalolifuatilia, maana nia tunayomvalisha mwenzetu lazima imetoka mahali, na kama haikutoka kwake, kuna uwezekano mkubwa kwamba imetoka kwetu.

5. Pima joto.

Toa alama mbili, kila moja kuanzia 0 hadi 10. Ya kwanza ni uzito wa kitendo chenyewe, kama ambavyo ungekipima kingetendwa na mtu usiyemjua kwa mtu mwingine usiyemjua. Ya pili ni ukali wa hasira yako siku ile. Kama kitendo ni 4 na hasira ni 5, huenda huna cha kuchimba: umekasirishwa na jambo la kukasirisha. Kama kitendo ni 3 na hasira ni 9, endelea kwa makini.

Tofauti hiyo ni ishara tu, si ushahidi. Hasira iliyozidi inaweza kutokana na uchovu, njaa, usingizi mdogo, au makosa madogo ya mtu huyohuyo yaliyorundikana kwa miezi bila kusemwa. Andika pia sababu hizo kama zipo, kwa kuwa mtu anayeruka moja kwa moja kwenye kina cha nafsi yake, ilhali hajalala siku tatu, atagundua mambo makubwa yasiyokuwepo.

6. Igeuze lawama kwa maswali manne.

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kukimbilia kufunga daftari. Chukua sentensi ya hatua ya 4, uipitishe katika maswali haya kwa mpangilio huu, na kila jibu uliandike hata likiwa "hapana".

Swali la kwanza: je, nami hutenda hivi? Usijibu kwa kuutazama moyo wako. Jibu kwa kutazama vitendo vyako. Emily Pronin na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba watu huuona upendeleo wa kifikra, yaani fikra kuegemea upande mmoja bila mwenyewe kujua, kwa wenzao kuliko kwao wenyewe, na kazi zao za baadaye zikaonyesha sababu mojawapo: tunajipima kwa nia tunazozisikia ndani, na wengine tunawapima kwa wanayotenda. Kwa hiyo tafuta tukio, mahali na siku. Ukijiuliza kama wewe ni mbinafsi utajibu hapana; ukijiuliza ni lini mara ya mwisho ulijinufaisha kwa jasho la mwingine, huenda ukakumbuka Ijumaa iliyopita. Tazama pia nje ya uhusiano huu: mtu anayemlaumu mkubwa wake wa kazi kwa kutosikiliza anaweza kuwa msikivu kabisa kazini, kisha nyumbani akawakatiza watoto wake kila wanapofungua kinywa.

Swali la pili: je, natamani kutenda hivi, nami nimejikataza? Mara nyingi jibu liko hapa, si katika swali la kwanza. Wanaoanza hudhani kwamba kumtwika mwingine la kwako maana yake ni kufanya kosa lilelile. Wakiona hawalifanyi, wanajitoa. Lakini kinachomwudhi mtu kwa mwenzake aghalabu ni uhuru ambao yeye mwenyewe amejinyima. Dada hajawahi kukosa zamu hata moja. Akiishia kwenye swali la kwanza, ataondoka mtakatifu. Akilijibu la pili kwa ukweli, ataandika kwamba kila jioni huhesabu saa zilizobaki, kwamba aliposikia kuna safari ya kikazi ya wiki mbili moyo wake uliruka kwa furaha, na kwamba aliifukuza furaha hiyo mara moja kwa kuwa mtoto mwema hafurahii kumwacha mama yake mgonjwa. Anayetaka kuukimbia mzigo amepatikana. Tena si jambo la aibu: kila anayeuguza hulitamani wakati fulani.

Swali la tatu: je, naogopa kuonekana hivi? Kuna lawama ambazo tuliambiwa sisi kwanza, labda utotoni, labda na mtu tuliyempenda, nasi tumeishi tukithibitisha kwamba hazituhusu. Aliyeitwa mvivu akiwa mdogo huuona uvivu kila mahali. Mwandike mtu wa kwanza uliyemsikia akilitamka neno hilo, na kama alikuwa analielekeza kwako.

Swali la nne: je, huyu ananikumbusha mtu mwingine? Pengine hasira ni yako, ni ya haki, ila imefika kwa mtu asiyehusika. Hili ni jambo tofauti kidogo na yale matatu, lakini linajitokeza katika zoezi lilelile na hakuna haja ya kulifukuza.

Onyo kuhusu hatua hii: usilazimishe. Ukiwa umejibu maswali yote manne kwa vitendo na kwa ukweli, na bado hakuna kilichopatikana, basi kubali kwamba hakuna. Mtu anayemchukia mwizi hana lazima ya kuwa na mwizi ndani yake. Kauli inayopendwa sana kwamba kila unachokichukia kwa wengine ni kioo chako haina msingi, na imewafanya watu wema wengi kujilaumu kwa maovu waliyotendewa.

7. Gawa ukurasa katika mafungu matatu.

Andika vichwa: Lake, Langu, Sijui. Chini ya Lake ingiza vitendo tu, kutoka ukurasa wa kamera: alichelewa siku mbili, siku moja hakupiga simu. Chini ya Langu ingiza ulichokipata katika hatua ya 6, pamoja na maneno uliyoyasema: natamani kupumzika na sijathubutu kusema, nilimwita asiyejali. Chini ya Sijui ingiza nia zote ulizomvalisha: kama anataka kukimbia, kama amechoka, kama anaogopa kumwona mama akidhoofika. Fungu la tatu huwa ndilo refu kuliko yote, na likiwa tupu, rudi hatua ya 4, kwa maana bado unadhani umo kichwani mwa mwenzako.

Usifute kitu kwenye Lake kwa sababu umepata kitu kwenye Langu. Mizani hii haifanyi kazi kwa kukata. Uchovu wa dada haumfanyi mdogo wake awe alipiga simu.

8. Andika ugomvi upya kwa jicho la mtu wa tatu.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, Eli Finkel na wenzake waliwafuatilia wanandoa 120 kwa miaka miwili. Katika mwaka wa pili nusu yao waliombwa, mara tatu tu, kuandika kwa dakika 7 kuhusu ugomvi wao kama ambavyo ungeonekana na mtu asiye na upande anayewatakia wote heri. Kushuka kwa ubora wa ndoa, kulikokuwa kukiendelea kwa wote, kulisimama kwa wale walioandika. Dakika 21 kwa mwaka ni gharama ndogo, kwa hiyo fanya hivyohivyo: weka saa dakika 7, jitaje kwa jina lako badala ya "mimi", na mpe huyo mtu wa tatu wema kwa pande zote mbili.

Angalizo: mtu wa tatu si hakimu. Akianza kusema nani ana makosa zaidi, umemgeuza kuwa wakili wako.

9. Rudi kwa mwenzako na mambo mawili, si kumi.

Moja kutoka Langu, moja kutoka Lake, halafu swali moja kutoka Sijui. Ombi la radhi liwe juu ya maneno au kitendo mahususi, si juu ya kuwepo kwako. Dada angeweza kusema hivi: "Mdogo wangu, siku ile nilikuambia hujali. Nilikuonea kwa neno hilo, naomba radhi. Nimechoka, na nimekuwa nikitamani kupumzika bila kuthubutu kulisema." Anyamaze hapo, ampe nafasi ya kujibu. Baadaye: "Kuna na jambo la pili. Jumanne hukupiga simu, nami sikujua kama nisubiri au nimpe mama dawa mwenyewe. Ukichelewa tena, naomba unipigie." Kisha: "Na wewe, hali yako ikoje siku hizi?"

Makosa matatu huharibu hatua hii. La kwanza ni kuunganisha radhi na lalamiko kwa "lakini", kwani msikilizaji husahau yote yaliyotangulia neno hilo. La pili ni kumhadithia mwenzako uchunguzi wako wote. Hahitaji kusikia kuhusu utoto wako ili akusamehe, na maelezo marefu ya namna hiyo hugeuka kuwa ombi la kubembelezwa. La tatu, nalo ndilo baya zaidi, ni kumaliza kwa "nami nimeona la kwangu, sasa nawe tazama la kwako". Ukisema hivyo, kazi yote ya daftari inakuwa ilikuwa mtego, na mwenzako ataihisi kwa haraka.

10. Weka kumbukumbu ya mstari mmoja.

Mwisho wa daftari andika tarehe, lawama kuu, alama mbili za joto, na kilichopatikana katika hatua ya 6. Baada ya ugomvi wa tano au wa sita, soma mistari hiyo tu. Neno lilelile likijirudia kwa watu tofauti wasiofahamiana, mathalani kila mtu "anataka kunitawala", hapo pana jambo lako la kudumu linalostahili kuzungumzwa na mshauri nasaha. Likijirudia kwa mtu mmoja peke yake, uwezekano ni mkubwa zaidi kwamba tatizo liko kati yenu au kwake.

Ukikwama

Sioni chochote changu, na kila ugomvi naona mwenzangu ndiye mkosaji. Rudia hatua ya 6 kwa kumtumia mtu anayekupenda na asiyekuogopa. Msomee lawama kuu bila kumwambia ni ya nani, kisha muulize: "Umewahi kuniona mimi nikifanya hivi?" Usimjibu. Andika alichosema, mshukuru, ukakisome kesho yake.

Naona kila kitu ni changu, na sasa najichukia. Simama. Angalia fungu la Lake: likiwa tupu wakati kamera ilionyesha kitendo, umeacha kujichunguza na umeanza kujiadhibu. Wapo watu ambao hatari yao iko upande huu, hasa waliolelewa kwa lawama au wenye huzuni ya muda mrefu, nao wafanye hatua ya 3, ya 7 na ya 8 tu, wakiiacha ya 6 mpaka wapate mtaalamu wa kuketi naye.

Mwenzangu ndiye anayenitwika yaliyo yake. Inawezekana kabisa. Lakini kumwambia hivyo ni kumpa nia ambayo huioni, yaani kutenda kilekile unachomlaumu nacho, na hakuna jibu analoweza kulitoa likakutosha: akikataa utasema anajikinga. Jibu kitendo badala yake. Akisema "wewe ni mwongo", uliza: "Ni jambo gani nililolisema ambalo si kweli?" Akikutajia, lichunguze. Asipokutajia, sema kwamba uko tayari kulizungumza atakapokuwa na jambo mahususi, na usiendelee. Huna wajibu wa kukubali mzigo kwa sababu tu aliyekupa amekasirika.

Nilimweleza udhaifu wangu, naye anautumia kunipiga nao kila tukigombana. Ikitokea mara moja, mwambie wazi kwamba jambo ulilolisema kwa kuomba radhi halipaswi kurudi kama silaha. Likiendelea, acha kuyaleta ya fungu la Langu kwake. Endelea kuyaandika, na radhi zako ziwe fupi na juu ya vitendo pekee.

Ugomvi wetu ni wa maandishi, kwenye simu. Katika hatua ya 3 nakili maneno yote kwa mkono, yako na yake. Maandishi hayana sauti, na sauti uliyoisikia ulipoyasoma umeitia wewe. Nakala ya mkono huonyesha ni wapi ulipoitia. Mazungumzo ya hatua ya 9 yafanyike kwa sauti au ana kwa ana.

Naelewa yote nikiwa na daftari, lakini ugomvi ukianza nasahau. Ndivyo inavyokuwa kwa kila anayeanza, na usijitarajie vingine mapema. Chagua kitu kimoja tu cha kubeba hadi katikati ya mabishano: ukijisikia unataka kusema "wewe ni mtu ambaye", badilisha uanze na "jana wewe uli...", umalizie kwa kitendo. Ukishindwa kupata kitendo cha kumalizia sentensi hiyo, omba dakika 20, taja saa mtakayorudi kuzungumza, na saa hiyo ikifika rudi kweli, kwa sababu mapumziko yasiyo na saa ya kurudi mwenzako huyahesabu kuwa ni kususa.